Kidawa Bado Anapakia

Anayetaka kuitafuta Jamhuri ya Mng'aro kwenye ramani asijichoshe. Haipo, haijawahi kuwapo, na wenyeji wake wote ni watu wa kutungwa. Atakayemwona jirani yake humu ndani ni macho yake tu, aende akapimwe. Sisi tumeombwa tusimulie, na tunasimulia.

Katika nchi hiyo, Serikali iliamka asubuhi moja ikagundua kwamba watoto wake walikuwa wanafundishwa na walimu. Ilisikitika sana. Ilikuwa imesikia kwamba nchi za wenzao watoto wanafundishwa na mtandao, na mtandao hauombi likizo ya uzazi wala hauulizi nyumba ya kuishi. Basi Waziri wa Elimu Angavu, Mheshimiwa Profesa Mpembenue, akaenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "chaki ni vumbi. Mnataka watoto wenu wale vumbi?"

Wananchi, ambao wengine watoto wao walikuwa hawajala chochote tangu jana, wakajibu kwamba hawataki.

Ikatolewa amri ubao mweusi uzikwe. Nchi nzima mbao ziling'olewa ukutani zikazikwa siku moja, kwa bendi na hotuba. Katika Shule ya Msingi Kwamtili ubao wa darasa la sita ulibebwa na wanaume wanne, ukateremshwa polepole, na walimu wakapita mmoja mmoja kutupia udongo. Mwalimu Nyamizi Kasongwa naye alitupia. Alikuwa ameuandikia ubao ule tangu alipotoka chuoni akiwa msichana mwembamba, na sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitamani kulia, lakini alipotazama ratiba ya shughuli hakukuwa na kipengele cha kulia. Baada ya udongo kulikuwa na soda.

*

Vishikwambi vilifika kabla ya umeme. Halafu likaja bamba la kuvuna jua, na mwisho kabisa kikaja kisanduku cha mtandao, cheusi, kizito kama tofali, chenye taa ndogo ya kijani. Kilikuja na fundi wa Wizara. Fundi akakibeba akazunguka nacho uwanjani kutwa nzima kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima. Darasani, hakuna. Chini ya mlingoti wa bendera, hakuna. Alipopanda juu ya paa la darasa la sita, upande wa chooni, akakiweka kichwani na kusimama wima, taa ikawaka.

"Hapa!" akapiga kelele. "Hapa hapa! Mtu asiguse!"

"Tukuletee mti tukifunge juu yake?" aliuliza Mwalimu Nyamizi kutoka chini.

"Mti haumo kwenye mwongozo, mama. Na mtandao wa huku unahama. Ukihama, mti utageuka wenyewe? Kisanduku kinataka mtu hai."

Mabati ya paa lile yalikuwa yameliwa na kutu, hayakuweza kubeba mtu mzima kwa muda mrefu. Fundi mwenyewe alishuka akiacha nyuma matundu mawili ya miguu yake. Ndipo Wizara ilipoanzisha cheo cha Mnara wa Darasa. Mnara angekuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wenzake. Angepewa utepe wa bluu begani na angesimama juu ya paa vipindi vyote, kisanduku kikiwa kichwani juu ya kata ya kitambaa, ili wenzake wasome.

Darasa la sita walipimana kwa kubebana mgongoni. Mwepesi akaonekana kuwa Kidawa, binti wa Mzee Lugendo fundi baiskeli. Mtoto alikuwa na miguu kama ya korongo na mdomo usiolala.

"Kidawa, geuka kidogo! Hesabu zimekwama!" walimwita wenzake kupitia dirishani.

"Nigeuke mara ngapi jamani, shingo yenyewe moja!"

"Wewe geuka! Mwalimu wa mtandaoni kaachama huku kama kambare!"

"Mtupieni funza!"

Hivyo ndivyo elimu ilivyosonga mbele. Darasa zima lilijifunza kutoka kwa bwana mmoja mwenye tai, ambaye hakuna aliyejua anaishi wapi, na ambaye ukimwuliza swali aliendelea kutabasamu. Kidawa peke yake hakujifunza kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mtandao. Kwa hiyo wakati wa mapumziko Mwalimu Nyamizi alikuwa akitoka na kusimama chini ya paa, amekinga jua kwa kiganja, akimfundisha kwa sauti.

"Nusu ya robo?"

"Thumuni, mwalimu!"

"Nusu ya thumuni?"

"Hiyo ni ndogo mno, mwalimu, mimi siwezi kula nikashiba!"

Mwalimu alicheka. Kufundisha kwa mdomo kulikuwa kosa, na faini yake ilijulikana. Alifundisha hivyo hivyo.

*

Waziri alikuja kutembelea Kwamtili msimu wa mvua. Alikuja kushuhudia matunda ya sera, maana yake alikuja kujitazama. Somo la siku hiyo lilikuwa hotuba yake mwenyewe iliyorekodiwa, na alikaa dawati la mbele, magoti yakigusa kidevu, akisubiri kuelimika.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mabati yalikuwa yanang'aa. Kidawa alikuwa juu tangu asubuhi, sare imelowa, utepe wa bluu umemganda begani. Hotuba ikaanza vizuri. Halafu Waziri wa kwenye picha akasimama ghafla, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Waziri wa kwenye dawati akajitazama katika hali ile, na hakupendezwa.

"Huyo mnara wenu," aliuliza, "hana uzalendo?"

Mwalimu Mkuu, Bwana Songoro, alitoka mbio, koti likipepea. "Kidawa! Simama kwa vidole! Inua juu!"

Mwalimu Nyamizi akamfuata nyuma. "Mwalimu Mkuu, bati limelowa. Mtoto anatetemeka. Mshushe."

"Nimshushe vipi, Mwalimu Nyamizi? Nikimshusha huyu nimemshusha na Waziri!"

"Nitapanda mimi."

"Wewe na uzito huo? Uje utuangukie na paa zima mbele ya wageni? Kidawa, mwanangu, vidole! Kidogo tu!"

Kidawa akasimama kwa vidole, akakiinua kisanduku kwa mikono yote miwili juu ya kichwa. Ndani ya darasa picha ikatiririka kama maji. Waziri wa kwenye picha akamalizia kufumbua jicho, akasema kwamba mtoto wa Mng'aro sasa anapaa, na wageni wakapiga makofi. Katikati ya makofi kukasikika kishindo nje, na kioo kikawa cheusi.

"Umekata tena," alisema Waziri.

Maofisa walikimbia nje wote kwa pamoja. Walikiokota kisanduku kwenye tope, wakakifuta kwa leso, wakakigeuza huku na huku. Taa ilikuwa bado inawaka.

"Kimepona!" akasema mmoja wao, akapumua. "Mungu mkubwa, kimepona!"

Mwalimu Nyamizi alikuwa amepiga magoti hatua chache kutoka pale. Aliinua kichwa cha mtoto akakiweka mapajani, akakiona kinavyolala, akajua. Alivua khanga yake ya mabegani akamfunika. Nyuma yake Waziri aliuliza kama kuna njia ya kurudia ile sehemu ya kupaa.

*

Kwa desturi ya watu wa Mzee Lugendo, aliyekufa asubuhi huzikwa kabla jua halijazama. Mzee alifika zahanati bado na grisi mikononi, akamtazama mwanawe. Akasema, "Mwalimu, naomba nimzike leo."

Lakini Mng'aro ilikuwa nchi ya utaratibu. Wachimba kaburi hawakupiga jembe bila namba ya kibali, na namba ilitolewa na tovuti ya Wizara iliyosimamia uhai wa mwananchi kwa kadiri ya kundi lake. Mwanafunzi alikuwa chini ya Elimu Angavu. Mwalimu Nyamizi akachukua kishikwambi, akaenda mpaka kilimani, ambako mtandao ulishika bila paa, akafungua ukurasa wa Kidawa Lugendo. Palikuwa na vitufe vitatu: Yupo, Amechelewa, Anapakia. Akatafuta cha nne mpaka macho yakamuuma. Mwishowe akapiga simu.

"Habari za kazi, mwalimu wangu mpendwa!" Ilikuwa sauti ya binti, tamu kama ya mtangazaji.

"Mwanangu, nina mwanafunzi amefariki. Sioni pa kubofya."

"Pole sana. Hapapo, mpendwa."

"Hapapo vipi?"

"Mwanafunzi hana kitufe cha kufariki. Wakati wa kutengeneza tovuti hatukutarajia."

"Basi kiongezeni."

"Hilo lilijadiliwa. Ikaonekana tukikiongeza, watu watadhani kuna siku kitatumika."

"Sikiliza, mama. Mtoto amelala zahanati, joto hili unalijua. Baba yake anataka kumzika."

"Mwekee 'Anapakia', mpendwa. Ni hali ya muda."

"Muda gani?"

"Hiyo sasa inategemea mtandao," alisema yule binti, akamtakia kazi njema.

Mwalimu alimwuliza na Bwana Songoro kama haiwezekani kumzika mtoto kimyakimya. Bwana Songoro alifunga mlango na madirisha kabla ya kujibu.

"Unataka kutufunga? Kisheria anayepakia yuko hai. Ukimfukia umemfukia mtu mzima na roho yake. Ni kifungo cha maisha, mwalimu, na mimi nimebakiza kidogo nistaafu."

Kwa hiyo Kidawa akaendelea kupakia. Mfumo haukuwaacha wanaopakia bila masomo, maana wangeshusha wastani wa taifa. Uliwajibia maswali wenyewe na kuwapa alama wenyewe. Jioni ile simu ya Mzee Lugendo ililia akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha zahanati, akipepea inzi kwa kipande cha boksi. Hakujua kusoma vizuri, akampa mwalimu amsomee. Mwalimu akasoma kimya, akaifumbata simu.

"Wanasemaje?"

"Matangazo tu, mzee."

Iliandikwa: Hongera mzazi! Kidawa amepata mia kwa mia katika Usalama Shuleni. Mhimize alale mapema.

*

Kesho yake tabibu wa zahanati alimvuta mwalimu pembeni. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na chumba kimoja na wagonjwa wake walikuwa wamehamia barazani.

"Mwalimu, msinielewe vibaya," alisema, leso ikiwa puani. "Sina barafu. Mtoto huyu mpaka kesho hatashikika."

Mzee Lugendo alisikia. Hakuacha kupepea. "Mwalimu," alisema, "sitaki kesi. Sitaki mtu aniombe radhi. Nifichiwe mwanangu ardhini, basi. Hilo moja. Wewe ndiye uliyesoma hapa."

Mwalimu Nyamizi akachukua kishikwambi. Alirudi kilimani, akakaa juu ya jiwe, akafungua tovuti kwa mara nyingine, na kwa uchovu wa vidole badala ya ukurasa wa Kidawa akafungua ukurasa wake mwenyewe. Hakuwa amewahi kuutazama kwa makini. Juu kabisa, kabla ya jina, palikuwa na kitufe kikubwa chekundu: Nimefariki.

Walimu walikuwa nacho. Wizara ya Fedha ndiyo iliyosimama kidete kiwekwe, ili mshahara ukatwe kabla maiti haijapoa, na kwa kuwa marehemu huwa wazembe wa kutoa taarifa, kiliwekwa mahali pa kuonekana. Mwalimu alikitazama muda mrefu. Alifikiria nyumba yake ya shule, kuku wake, kipindi cha Jumatatu. Akabofya.

Una uhakika? iliuliza tovuti.

Akabofya Ndiyo.

Namba ya kibali ikaja papo hapo, bila kuzunguka hata kidogo. Chini yake ikaandikwa kwamba Serikali imempokea kwa masikitiko na kwamba anatakiwa kurudisha funguo za nyumba.

*

Mazishi yalikuwa alasiri ile ile. Mchimba kaburi mkuu alisoma kibali: mwanamke, mtu mzima, mwalimu. Akatazama kifurushi cheupe mikononi mwa Mzee Lugendo, akasoma tena.

"Mbona mfupi?"

Mwalimu Nyamizi alikuwa amesimama nyuma, khanga imeziba uso mpaka kwenye miwani. "Alikuwa mwalimu," alisema.

"Aa," alisema mchimbaji. "Kwa mishahara ile, watarefukia wapi?" Akashuka shimoni.

Bwana Songoro alitoa wasifu wa marehemu, na marehemu akausikiliza. Aliambiwa kuwa alikuwa mchapakazi lakini mbishi, kwamba alifundisha kwa mdomo wakati wenzake wameshaacha, na kwamba pengo lake halitazibika kwa sababu Wizara haina fungu la kuajiri. Watoto wa darasa la sita walikuwa wamepanga mstari. Kila mmoja wao alimjua aliyemo ndani ya sanda na kila mmoja alimwona aliyesimama ndani ya khanga. Hakuna aliyetoa siri. Walipita mmoja mmoja, wakatupia udongo kwa adabu, na kila aliyepita alitaja kitu kwa chini. Mwalimu alidhani ni dua. Alipotega sikio akasikia wanasema: geuka kidogo, Kidawa. Pumzika sasa. Geuka ulale.

Kwenye kibao cha mti likaandikwa jina la Nyamizi Kasongwa. Mzee Lugendo alikishika kile kibao kwa vidole vyake vyeusi.

"Na la kwake?"

"Sisi tunalijua, mzee."

"Nimekulaza mahali pako, mwalimu," alisema Mzee. "Nimemlaza, eti. Naona maneno yananichanganya."

"Yako sawa, mzee. Mwache alale."

*

Jumatatu, kwa mazoea ya miguu, Mwalimu Nyamizi akajikuta getini. Mlinzi alisimama akavua kofia.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Nipite?"

Mlinzi akakuna kichwa. "Wanaoruhusiwa ni walimu, wanafunzi na wageni. Wewe si mmoja wao. Ila waliokatazwa ni wauza visheti na wazazi, na hao nao si wewe. Sijapewa amri yoyote kuhusu maiti, mama. Pita, mimi sijaona kitu."

Alipozunguka darasa la sita akainua macho. Juu ya paa alikuwa amesimama mwanafunzi Siwema, mwepesi kuliko wote sasa. Kisanduku kimemzidi kichwa, shingo imezama mabegani, utepe wa bluu umeoshwa na kupigwa pasi. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti kwa sababu ukilia kwa kutikisika mtandao unakatika.

"Siwema. Shuka."

"Tumekatazwa kuwasikiliza marehemu, mwalimu."

"Nani kawakataza?"

"Mwalimu Mkuu. Kwenye paredi."

"Basi usinisikilize. Jisogeze tu huko, napita zangu."

Akaegemeza ngazi. Alipanda taratibu, akifuata mstari wa misumari, mahali ambapo chini ya bati kuna mbao, na bati likalia lakini halikupasuka. Alikipokea kisanduku, akakaa juu ya ukingo wa ukuta, akakiweka kichwani. Siwema alibaki amemkodolea macho, hajui mikono aiweke wapi baada ya kuizoea juu.

"Nenda kasome," alisema Mwalimu. "Leo ni sehemu. Ukikwama, niite."

Mtoto akashuka.

Bwana Songoro alitoka ofisini akaona kivuli kisicho cha kawaida. "Nani huyo juu?"

"Hakuna mtu, mkuu," alijibu mlinzi. "Ni marehemu."

Bwana Songoro akapiga hesabu. Kumwamuru ashuke kungekuwa kukiri kwamba yuko hai. Na akiwa hai, ni nani basi aliyezikwa? Zaidi ya hayo, ndani ya darasa bwana wa tai alikuwa anazungumza bila kukwama hata silabi. Mwalimu Mkuu alirudi ofisini, akafikiri kutwa, na kesho yake akaiarifu Wizara kwamba Kwamtili imepata mnara wa aina mpya.

Wizara ilifurahi kupita kiasi. Iliunda kamati, na kamati ikaona kwamba marehemu halipwi, haugui, hana mzazi wa kuja getini, na akianguka hakuna takwimu inayoshuka. Profesa Mpembenue akaenda redioni. Alitangaza kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto atakayepanda paa, na kila shule ijitafutie mwalimu mmoja aliyekufa. Aliongeza kwa unyenyekevu kwamba anajua zoezi litakuwa gumu, kwani walimu wa Mng'aro, pamoja na yote, bado wako hai wengi.

Walimu walisikiliza redio usiku ule nchi nzima. Kulipopambazuka, kabla kengele haijagongwa, wakafungua kurasa zao, wakaanza kufariki. Walifariki wilaya za ziwani na wilaya za milimani, wazee waliobakiza kidogo wastaafu na vijana waliotoka chuoni juzi, mmoja akiwa bado na mswaki mdomoni. Shule nyingine walifariki wote kwa pamoja wakabaki wanabishana nani apande kwanza. Wizara ya Fedha iliripoti mwaka mzuri kuliko yote. Kisha walimu wakatafuta ngazi, wakafuata mistari ya misumari, wakapanda.

Watoto wakashuka.